Mti Ulioruhusiwa Kukaa Ndani ya Pipa

Wiki yangu ya mwisho kazini, kabla sijakabidhi ufunguo wa kitalu, aliingia mama mmoja akiwa amefunga mche wa makadamia ndani ya kitenge, kama anavyobebwa mtoto mwenye homa. Udongo ulikuwa umepukutika wote na mizizi imekauka. Tulikuwa tumemuuzia sisi wenyewe msimu uliopita. Mmoja wenu vijana wa kitalu, simtaji kwa sababu ndiye aliyekuwa akiniletea chai, alimwuliza kwa nini ameung'oa.

"Si mimi," mama akasema. "Ni bayeri, mwenye nyumba. Alikuta nimeupanda nyuma ya jikoni, akauvuta kama jino. Anasema lokateri, mutu wa kupanga, hapandi muti."

Nanyi mkacheka. Najua hamkucheka kwa ubaya. Hilo neno la jino lilichekesha. Kisha mkamwambia kwamba mche ukishatoka mlangoni haurudi, mkaendelea kujaza udongo kwenye mifuko. Mimi nikabaki na hasira, na bado ninayo. Mmeniomba niandike mambo ya kazi yangu kabla sijayasahau. Basi nitayaandika nikiwa na hasira hiyohiyo, na atakayetaka maneno matamu ya kuagana akayatafute kwenye harusi.

Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Baba na mama waliugua na kufuatana kaburini mwaka mmoja, kule kwetu kwenye milima ya Masisi, na mimi nilikuwa mkubwa wa watoto watatu. Mtoto mkubwa tunamwita yaya, na yaya haulizwi kama yuko tayari. Niliteremka Goma na mdogo wangu Janvie, na Riziki mgongoni, tukapata chumba mtaa wa Majengo, katika parsele ya mzee mmoja aliyeitwa Papa Deo. Parsele kwetu ni kiwanja chenye ukuta. Ya Papa Deo ilikuwa na vyumba vya kupangisha pande tatu, na katikati uwanja wa lava tupu, jiwe jeusi lenye meno, lisilo na jani hata moja.

Siku ya kuingia alinipa masharti: takataka, choo, makelele. La mwisho alilisema akiwa amesimama.

"Maharagi, panda, kama unapata udongo. Lengalenga, panda. Muti, hapana. Kitu chochote chenye kuishi kunipita mimi, hapana."

Nilidhani anatania mtoto. Hakuwa anatania. Wote tunajua mambo haya, ila hatupendi kuyasema: huku kwetu mti ni mdomo wa shamba. Ukigombana na mtu juu ya ardhi, wazee hawaanzi na karatasi, wanauliza nani alipanda ule mvule, nani alipanda ile miparachichi, na nani alikuwapo akiona. Ndiyo maana mtu mwenye akili akitaka kupanda mti huita jirani wa kulia na jirani wa kushoto waje watazame. Maharagwe yanang'olewa baada ya miezi mitatu na hayatoi ushahidi. Mti unabaki. Kwa hiyo mwenye nyumba anamwogopa mpangaji mwenye mche kuliko anavyomwogopa mpangaji mwenye panga.

Na katika mji huu nusu ya watu ni wapangaji. Hesabuni wenyewe viwanja mnavyovijua, halafu mniambie kwa nini Goma ni kavu. Watu wanalaumu lava. Lava haijawahi kumkataza mtu kupanda.

Kazi niliipata kwa Muzee Bauma, aliyeanzisha kitalu chetu kando ya barabara. Hakuniuliza shule. Alinipa chekeche na lundo la udongo uliokuja kwa magunia kutoka upande wa Rutshuru, akakaa kwenye kiti chake kuangalia kama nitachekecha lundo lote au nitachekecha lile la mbele tu. Nilichekecha lote. Jioni akaniambia, "Kesho ukuje na viatu," na hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Mambo ya vyeo yaliyofuata nayaruka, hayakunifundisha kitu.

Nyuma ya banda palikuwa na vichaka viwili vya majani ya mviringo yenye vinyweleo, laini kama sikio la ndama. Nilivisifu. Muzee Bauma akasema ni noazetie, zile za njugu za Kizungu, zililetwa na padri mmoja zamani kutoka Ulaya, na hazijawahi kuzaa hata tunda la kumhonga nyani.

"Juu ya nini, Muzee?"

"Zinangojea baridi. Kule kwao bila baridi ya miezi haziamki vizuri. Hapa nitazipa nini? Mvua iko, vumbi iko, moshi ya mlima iko. Baridi ya namna ile, aah." Akakata fimbo tatu, akanipa nikasimamishie maharagwe yake. "Kila muti iko na kazi," akasema.

Kila mwaka walikuja wateja, wengi wao wakiwa wamekula noazeti, njugu za mti huo, kwa ndugu aliyerudi kutoka Ubelgiji, wakitaka mti wake nyuma ya nyumba. Muzee Bauma hakuwauzia kile kichaka hata mara moja, ingawa wangelipa. Aliwapeleka kwenye makadamia. "Hii ni njugu iliyokubali kuishi na sisi," alisema, na kuanzia hapo mtu alikuwa amepata somo kama alilitaka au hakulitaka. Ganda gumu la kuvunja nyundo. Kiini cheupe chenye mafuta. Majani yenye miiba pembeni ambayo mbuzi anayaonja mara moja tu. Na subira ya miaka kabla ya kuzaa, jambo ambalo wateja hulipokea kama tusi.

Kupanda kwenye lava alinifundisha hivi. Usianze na mtaimbo, ile baramini yenu. Anza na ndoo ya maji. Mwaga, kisha chuchumaa utazame. Maji yakisimama kama kwenye sahani, hapo ni jiwe zima. Hata ukichimba shimo la kaburi, mti utakaa mwaka mmoja ndani ya sufuria kisha utakufa. Maji yakikimbia sehemu moja na kupotea yakilia, hapo kuna ufa. Piga mtaimbo hapo. Panua ufa, jaza udongo na samadi iliyokomaa, weka mche. Mizizi itateremka yenyewe huko chini kwenye ubaridi, kwenye majivu ya zamani, ambako sisi hatufiki. Nimewaona vijana wa leo wakipima katikati ya ua kwa kamba ili mti upendeze mlangoni. Mti haupandwi pale panapopendeza, unapandwa pale maji yanapopotea.

Nisemapo vijana wa leo msinune, maana wapo wabaya zaidi yenu. Wale wanaouza miche njiani kuelekea soko, mnawajua. Wanachukua mche wa mbegu tu, wanaukwaruza shina kwa wembe, wanaufunga plastiki, wanasema umeungwa, kana kwamba kitawi cha mti unaozaa kimepachikwa hapo. Mtu anamwagilia, anazungushia matofali, anakataza watoto mpira, na baada ya miaka minane hana tunda. Nimekwenda kwenye nyumba hizo. Nimemwona baba mzima ameshika shina la mti wake akiniuliza kama yeye ndiye alikosea. Sina neno la kuwaita wauzaji wale ambalo linaweza kuandikwa.

Sasa nije kwenye mti wangu.

Miaka ya mwanzo niliunga vibaya, kama wote. Mche mmoja ulishika lakini shingo ikapinda, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Hakuna mteja angeununua. Muzee Bauma akasema niuchukue. Nilimkumbusha sharti la Papa Deo. Akafikiri, akanionyesha pipa la mafuta lililokatwa nusu. Jioni Janvie na mimi tulilivingirisha mpaka Majengo, na kabla sijaweka hata kijiko cha udongo nikaenda kumwita Papa Deo.

Alilizunguka lile pipa kama polisi anayezunguka gari. "Siku unahama, inahama na wewe?"

"Inahama, Papa."

"Ndani ya pipa, sawa. Pipa haina mizizi."

Nilifanya zaidi ya alivyotaka. Nilimwaga ndoo ya maji mahali kadhaa uani na kuchagua pale yaliposimama kabisa, kwenye jiwe zima, nikaweka pipa hapo. Mtu akinipa neno nami nikampa langu, nalishika. Kwa muda mrefu nililigeuza kila mara ili vizizi vilivyochungulia kwenye matundu ya chini vikatike, kama tunavyofanya kitaluni. Kisha pipa likawa zito kunishinda, na nikajiambia kwamba chini yake ni jiwe tu, mzizi utakwenda wapi.

Mti ulikua. Riziki alikuwa akijipaka unga wa mahindi midomoni uwe ndevu nyeupe, na kuuhubiria kama mchungaji. Janvie alikwenda shule, na mimi niliporudi kutoka kazini nilibeba maji: bidoni ya kupikia, bidoni ya kuoga, na kopo moja la mti, ambalo halikupungua hata wakati bomba la mtaa lilipokauka na watu kupigana kwenye foleni. Majirani walisema Yaya Vumilia, yaani mimi, ana watoto watatu na mmoja wao hasemi. Ulipozaa mara ya kwanza tulitafuta kwenye lava kitundu kinachotosha njugu, tukaiweka humo isikimbie, tukaipiga kwa jiwe. Hatukuwa na njia nyingine na hakuna iliyo bora. Tulikula kidogokidogo, kama watu walio kanisani.

Mambo yalibadilika siku Papa Deo alipotaka kujenga choo kipya na kuniomba nisogeze pipa. Janvie alikuwa kijana mwenye nguvu tayari. Akasukuma. Wapangaji wengine wawili wakaja, wakasukuma pamoja. Pipa halikutikisika. Chini lilikuwa limeoza kwa kutu, na mzizi mnene kama mkono wangu ulikuwa umetoka humo na kuingia kwenye ufa mwembamba ambao vumbi lilikuwa limeuziba, ambao maji yangu hayakuuona. Mzizi uliuona.

Papa Deo alipiga magoti, akatazama, akasimama. "Umenipandia muti," akasema polepole. "Miaka yote hii, kumbe unanipandia muti."

"Papa, wewe mwenyewe uliona pipa."

"Niliona pipa. Sikuona hii."

Alisema niukate kabla ya mwisho wa mwezi. Sikulala vizuri, lakini nilielewa. Sharti ni sharti, na nilianza kujiandaa. Kama mti unakwenda, nilitaka angalau damu yake ibaki. Mnajua jinsi tunavyofanya: kitawi cha makadamia cha kuungia hakikatwi tu na kuungwa. Wiki kadhaa kabla, unavua pete ya gome kwenye tawi, upana wa kidole, ili chakula kinachotengenezwa na majani kisiteremke bali kijae mle tawini. Tawi lililoshiba ndilo linaloshika. Lililo na njaa linakufa kwenye plastiki yake. Nikavua pete kwenye matawi niliyoyaona mazuri, nikangoja.

Katikati ya kungoja huko, Papa Deo alipata mgeni, mtu wa biashara, aliyekula njugu zetu na kumwambia kwamba hoteli za kando ya ziwa zinazitafuta na hazizipati. Kesho yake alasiri Papa Deo alikuja uani na kiti chake, akakaa chini ya kivuli ambacho hakuwahi kukikalia, akainua macho. Akaziona pete.

Nilisikia akipiga kelele nikiwa bado njiani kutoka kazini. Mtaa mzima ulisikia. Yaya Vumilia anaua muti. Amechinja matawi. Roho mbaya ya mutu asiye na parsele.

Jumapili baada ya misa tukaitwa kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, kwenye baraza lake, na nusu ya avenyu ikaja kusikiliza kwa sababu mpira ulikuwa haujaanza. Muzee Bauma alikuja amevaa koti. Papa Deo ndiye aliyeanza.

"Shefu, huyu mutoto nilimupokea na bandugu zake, bakiwa na mufuko moja. Leo anachinja muti yangu."

"Muti yako?" nikasema. Sauti yangu ilipanda bila mimi. "Papa Deo, si wewe ulisema kwa parsele yako hakuna muti?"

"Nilisema hakuna kupanda. Sikusema hakuna kuota."

Watu walicheka, na mimi nikaona kwamba nimeshaanza kushindwa, maana aliyechekesha baraza ndiye anayesikilizwa.

Muzee Bauma alieleza pete. Alisema ni za kuungia, kwamba mti wenyewe hauumii, kwamba yeye amezivua maisha yake yote. Papa Deo akapunga mkono. "Hawa wote ni wa kitalu moja. Mwizi na fundi wa kufuli."

Shefu hakuwa mtu mbaya. Alinigeukia. "Yaya Vumilia, nakuuliza kitu moja tu. Huu muti, ni wewe njo uliupanda?"

Nawaomba vijana wangu msome swali hilo mara mbili. Nikisema ndiyo, nimevunja sharti la nyumba na Papa Deo ana haki ya kunitoa siku hiyohiyo. Nikisema hapana, mti si wangu. Hakuna mlango wa tatu. Hayo ndiyo mambo ya mila zetu mnayoyasifu kwenye sherehe: zimetengenezwa vizuri mno, na aliyezitengeneza alikuwa na kiwanja.

"Niliuweka ndani ya pipa mbele yake," nikasema, "na niliunywesha maji kila siku."

"Kunywesha maji haiko kupanda. Uliupanda?"

"Hapana. Sikuupanda."

"Nani aliona ukipandwa?"

Hakuna aliyeona, kwa sababu hakuna aliyeupanda. Ulikuwa umejipanda wenyewe. Shefu akasema basi kilichoshika jiwe ni cha mwenye jiwe, na kwa kuwa amani ya parsele imeharibika, tutafute chumba kingine mwezi ukiisha. Kisha akauliza kama Papa Deo ana neno.

"Niko na roho ya kikristo," Papa Deo akasema. "Pipa ni yake. Achukue."

Pipa lilikuwa limelikumbatia shina kama mkanda. Baraza lilicheka mpaka mama mmoja akafuta machozi. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikisikia mtu anasifiwa kwa roho ya kikristo huwa nauliza kwanza anatoa nini.

"Tena," akaongeza, "yale matawi aliyatia ugonjwa, ayaondoe leo. Yote. Sitaki hata moja ibaki kwa muti yangu."

Muzee Bauma alianza ghafla kuchunguza kifungo cha koti lake. Nikasema, "Ndiyo, Papa," kwa heshima ambayo sijawahi kuitumia tena.

Nilipanda juu na msumeno mdogo, Papa Deo akiwa chini ananielekeza kwa fimbo: lile, na lile kule, usiache. Nilikata kila tawi lenye pete, nikaviringisha yote kwenye gunia lenye maji. Janvie alinishikia ngazi, akaninong'oneza: "Yaya, wacha nimalize. Niko na kisu. Pete moja kwa shina yenyewe, chini, ndani ya pipa. Hataiona. Mwaka ukiisha, ni makala, mukaa mutupu."

Alikuwa na haki ya hasira. Alikuwa ameukuza ule mti kwa kopo lake mwenyewe siku nilizochelewa. Lakini nilimwambia hapana, na nitawaambia sababu, kwa kuwa siku moja mtashika kisu mkiwa na hasira na mteja. Ule mti haukuwa upande wa Papa Deo. Haukuwa upande wowote. Ulitafuta ufa, ukaupata, ukafanya kazi yake kuliko sisi sote tuliokuwa pale barazani. Nitauadhibu kwa nini?

Tulihama kabla mwezi haujaisha. Vitawi niliviunga usiku na mchana wa siku mbili zilizofuata, na Muzee Bauma alikaa karibu yangu akifunga plastiki bila kutoa somo, jambo ambalo lilinitisha kidogo. Vingine vilikauka. Vingi vilishika. Ile safu ya miti mama kando ya uzio wa kitalu, ambayo kila siku mnakatia vitawi na hamjawahi kuuliza ilitoka wapi, ilitoka kwenye pipa la Majengo. Makadamia mnayouza leo ni mjukuu wa mti ambao hakuna aliyeupanda.

Ule wenyewe haupo tena. Papa Deo aliula kwa miaka, akiwaambia wageni kwamba aliupanda kwa mikono yake. Riziki alimsikia, akarudi nyumbani analia kwa hasira, mwanamke mzima. Papa Deo alipofariki, wanawe waliukata wakamwaga saruji uwanja mzima ili magari yapate kugeuka. Nilipita baadaye, nikanunua makala yake, gunia moja, bila kujua niyafanyie nini. Niliyapikia. Yanawaka vizuri.

Kile nilichokikasirikia zaidi ni kwamba kitaluni hatukubadilisha kitu. Muzee Bauma aliuza miche kwa wapangaji, nami baada yake nikauza, na tulijua. Tulimwambia mtu mbolea kiasi gani, kivuli kiasi gani, tukamwacha aende kwenye ukuta wa mtu mwingine na mti mkononi. Tulihesabu kwamba hilo ni jambo la nyumba yake. Si jambo la nyumba yake. Mteja akija, kabla hujamwuliza ua wake una ukubwa gani, mwulize jiwe ni la nani. Kama ni la bayeri, usimcheke. Nenda naye. Ongea na mwenye nyumba mbele ya majirani wawili, mkubaliane kwa mdomo unaosikika: nani anapanda, nani atakula, nini kitatokea akihama. Akikataa, basi amekataa, ila akatae mbele ya watu, aone aibu ya kukataza kivuli. Mkifanya hivyo mara nyingi, watachoka kukataa.

Yule mama wa mche ulioning'inia kwenye kitenge anaitwa Sifa. Siku ile nilimfuata mpaka barabarani. Alikuwa ameambiwa ahame pia, kwa ajili ya mti uliomfika gotini. Mimi nina parsele yangu sasa huko Munigi, lava mbichi kabisa, niliyoilipia kwa maisha yote ya kazi, na nyuma ya nyumba kuna chumba kilichokuwa tupu. Akahamia na watoto wake.

Wiki ya pili alinijia nikianika mahindi, mkononi ana mche mpya wa makadamia. "Mama Vumilia, nimeona pipa kule nyuma, ile nusu. Naweza kuweka muti ndani yake? Ndani ya pipa tu. Nikihama itahama."

Nitawaambia ukweli. Neno "hapana" lilinijia mdomoni lenyewe, likiwa limeiva. Niliangalia ukuta wangu, niliwaza wadogo zangu, niliwaza atakayekuja kusema barazani nikishakufa. Nilimsikia Papa Deo akikaa vizuri ndani ya koo langu. Kumbe hakuwa na ubaya wa ajabu yule mzee. Alikuwa na kiwanja.

Hasira ndiyo iliyoniokoa.

"Pipa hapana," nikasema. "Pipa ni la maji ya mvua. Ita jirani wa kulia na jirani wa kushoto."

Walikuja, Papa Musa na jirani mwingine, mwenye duka la sabuni, wakidhani kuna msiba. Nilisema mbele yao kwamba jiwe ni langu na mti utakuwa wa Sifa, yeye na watoto wake, leo na akihama. Papa Musa akashika kichwa.

"Mama Vumilia, ulizeeka vibaya! Huyu atakula parsele yako. Kesho atasema alizaliwa hapa!"

"Na nikihama," Sifa akamjibu kabla yangu, "mutaniona nikirudi na kapu. Mutanifungulia ao mutanifungia?"

Papa Musa akamgeukia mwenzake. Mwenye duka la sabuni akasema yeye atafungua, kama atapewa za kuonja.

Sifa akaanza kupima katikati ya ua kwa macho, pale panapopendeza. Nikamwambia alete ndoo. Maji yalisimama, yakasimama tena, kisha karibu na mlango wa chumba chake, mahali pabaya kabisa, patakapomkwaza kila asubuhi, yakakimbia upande mmoja na kupotea yakilia. Nikamkabidhi mtaimbo wangu, uleule wa Muzee Bauma, nikasogea nyuma pamoja na wale majirani wawili, kutazama.